Kupanda Tirumala Bila Kurudishwa: Mwongozo Kamili kwa Msafiri Aliyeko Chennai au Vellore

Watu wetu wengi huenda kusini mwa India kwa matibabu. Mgonjwa akishatulia, anayemsindikiza hupata siku mbili tatu za kungoja majibu ya vipimo, na mwenye nyumba ya wageni humwambia: nenda Tirupati ukaone hekalu tajiri kuliko yote. Anakwenda. Usiku anarudi miguu imevimba na hajaona kitu.

Hadithi hii nimeisikia mara nyingi mno, na makosa ni yaleyale manne. Pasipoti imeachwa chumbani, nguo si zinazotakiwa, siku imechaguliwa vibaya, na fomu ya imani imemkuta mtu mlangoni hajaiwazia. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikwama kwa hilo la pasipoti: nilikuwa na nakala tu, nikashuka mlima kama nilivyopanda. Mwongozo huu nimeuandika ili wewe upande mara moja na ikutoshe.

Kwanza tuelewane kwa majina. Tirupati ni mji ulio chini, wenye stesheni, hoteli na soko. Tirumala ni mji ulio juu ya mlima, kiasi cha mita 850 kutoka usawa wa bahari, na hekalu la Venkateswara, mungu wa Kihindu ambaye ni umbo la Vishnu, liko huko juu. Kati yao kuna barabara ya kona nyingi ya kilomita 20 hivi. Anayekwenda "Tirupati" akaishia stesheni bado hajafika.

Mji wa juu unaendeshwa na taasisi ya hekalu, TTD. Bajeti yake ya mwaka inapita rupia bilioni 50, na dhahabu iliyowekwa benki inapita tani 10. Siku ya kawaida hupita mbele ya sanamu watu 60,000 hadi 80,000. Iweke idadi hiyo akilini, maana karibu kila sharti utakalokutana nalo limetokana nayo.

## Kabla ya yote: utaingia ndani au utabaki nje?

Asiye Mhindu akitaka kuingia hekaluni hutakiwa kujaza fomu na kutia sahihi kwamba ana imani na Venkateswara na anaheshimu ibada yake. Si fomu ya usalama wala ya kuandikisha wageni. Ni tamko la imani.

Wengi wetu ni Waislamu au Wakristo, kwa hiyo jambo hili liamue ukiwa umekaa chumbani, si dirishani huku watu elfu wanasukuma nyuma yako. Kama moyo wako hauwezi kutamka hayo, usitie sahihi kwa ajili ya kuona dhahabu. Utakuwa umesema uongo mahali ambapo watu wametembea siku nyingi bila viatu kwa sababu wanapaamini. Mimi sikutia sahihi. Nilikaa nje siku nzima, na siku ile sijaijutia hata kidogo. Nitakueleza hapo chini la kufanya ukiwa nje.

Kama wewe ni Mhindu, au unaweza kutia sahihi kwa dhati, fuata hatua zote. Kama utabaki nje, ruka hatua ya 2 na ya 6.

## Vitu vya kuandaa

- Pasipoti halisi yenye mhuri wa kuingia India, pamoja na nakala mbili. Nakala peke yake haitoshi kwa tiketi wala kwa chumba.
- Nguo za hekalu. Mwanamume: shuka nyeupe ndefu ya kujifunga kiunoni, inayoitwa dhoti, pamoja na shati au kanzu fupi, au suruali ya paijama na kanzu fupi. Mwanamke: sari, au panjabi yenye mtandio. Jinzi, kaptula na fulana acha. Dhoti ya pamba utaipata kwa bei nafuu soko lolote la Tirupati.
- Ndala za bei ndogo. Viatu vizuri vitakutia wasiwasi bure.
- Pesa taslimu, noti ndogondogo za rupia 10, 50 na 100. Wenyeji hulipana kwa simu kwa kupitia akaunti za benki za kwao. Wewe usitegemee hilo.
- Chupa ya maji ya chuma au ya kioo. Chupa za plastiki zimepigwa marufuku mlimani.
- Mfuko wa kitambaa wa kubebea ladu, tamutamu ya hekalu.
- Dawa za mgonjwa, kama yumo safarini, pamoja na cheti cha daktari.

Usibebe sigara, pombe, nyama wala mayai. Vyote vinakatazwa juu, na mizigo hupekuliwa. Vijitabu vya dini nyingine navyo viache: kueneza dini nyingine Tirumala kumekatazwa kisheria, na sala yako ya kawaida ni salama zaidi ukiisali chumbani Tirupati kuliko kutandika mkeka hadharani juu ya mlima.

## Hatua ya 1: Chagua siku

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Jumanne, Jumatano na Alhamisi ndizo zenye nafuu. Jumamosi ni siku ya Venkateswara mwenyewe, na Jumamosi za kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Oktoba, mwezi ambao Watamili huuita Purattasi, ni mafuriko ya watu.

Epuka kabisa siku mbili za mwaka kama unakwenda kutalii tu. Ya kwanza ni usiku wa Garuda, ndege anayembeba mungu, katika sherehe za Brahmotsavam, Septemba au Oktoba. Ya pili ni sikukuu ya Vaikunta Ekadashi, Desemba au Januari. Tarehe 8 Januari 2025 watu 6 walikufa kwa kukanyagana mjini Tirupati wakigombea tokeni, vikaratasi vya zamu ya kuingia, za siku hiyo, na hekaluni kwenyewe walikuwa hawajafika.

Hali ya hewa nayo ihesabu. Aprili hadi Juni joto la mji wa chini hupita nyuzi 40, na mawe ya juu huunguza nyayo. Oktoba hadi Desemba ni mvua, na barabara ya mlimani huweza kufungwa kwa maporomoko. Januari baada ya sherehe, na Februari yote, ni wakati mzuri.

## Hatua ya 2: Pata tiketi ya kuingia

Kumwona mungu hekaluni huitwa darshan. Njia zake ni nyingi, lakini mgeni anahitaji kujua tatu.

Ya kwanza ni ya bure, Sarva Darshan. Unaingia foleni bila miadi, na siku ya msongamano unaweza kukaa humo hata saa 20.

Ya pili pia ni ya bure, ila ina muda uliopangwa. Tokeni hutolewa mjini Tirupati, siyo mlimani, kwenye vituo kama Vishnu Nivasam mbele ya stesheni na Srinivasam karibu na stendi ya mabasi. Zikiisha za siku hiyo, zimeisha. Kwenda alfajiri ndiyo dawa.

Ya tatu ni ya rupia 300. Hununuliwa kwenye tovuti rasmi, nazo hutolewa kiasi cha miezi mitatu kabla na kumalizika haraka. Msindikizaji wa mgonjwa mara nyingi hajui hata wiki ijayo atakuwa wapi, kwa hiyo njia hii humpita. Lakini wenye pasipoti za kigeni wana utaratibu wao wa tiketi hii kwenye lango la Supatham, na huangaliwa mhuri wa kuingia nchini: uwe wa karibuni, ndani ya mwezi mmoja. Ndiyo maana nawashauri watu waende mwanzoni mwa safari yao ya matibabu kama hali ya mgonjwa inaruhusu, wasingoje wiki ya mwisho.

Onyo. Madalali watakufuata stesheni na hotelini wakiuza tiketi. Tiketi ina jina na namba ya kitambulisho chako. Ya mtu mwingine haikufai kitu. Tovuti za bandia nazo ni nyingi. Ya kweli ina anwani inayoishia na ap.gov.in.

Onyo la pili, la sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi iliyoandikwa 10:00 ni saa nne asubuhi, na ya 15:00 ni saa tisa alasiri. Simu yako iwe imeshika saa za India, ambazo ziko mbele ya zetu za Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Nimemwona mama wa Kitanzania analia langoni kwa kosa hili. Alikuja saa tisa mchana na tiketi ya saa tatu asubuhi, kwa sababu aliona tarakimu 9 akaisoma kama tunavyoisoma nyumbani.

Ukishika karatasi yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, na saa uliyoigeuza mwenyewe kwa kalamu, hatua hii imekwisha.

## Hatua ya 3: Fika Tirupati na ulale chini

Kutoka Chennai ni kilomita 140 hivi. Treni ya Sapthagiri huondoka stesheni ya Chennai Central asubuhi na kuchukua saa tatu na kitu. Mabasi ya Andhra, jimbo lenye Tirupati, huondokea stendi ya Madhavaram, upande wa kaskazini wa jiji. Kutoka Vellore ni kama kilomita 110: panda treni stesheni ya Katpadi, au basi la moja kwa moja.

Je, unaweza kwenda na kurudi siku moja? Kwa anayebaki nje, ndiyo, akiondoka alfajiri. Kwa anayeingia, usijaribu. Foleni haina ahadi, na ukichelewa kutoka utakosa usafiri wa kukurudisha kwa mgonjwa wako. Lala usiku mmoja karibu na stesheni ya Tirupati.

Jioni hiyo usikae bure. Hekalu la Govindaraja liko hatua chache kutoka stesheni, na mnara wake wa lango, wa mita 50 hivi, unaonekana vizuri ukiwa barabarani. Simama pale taa zinapowashwa.

## Hatua ya 4: Panda mlima

Barabara ya magari na njia kuu ya miguu zinaanzia Alipiri, mguuni mwa mlima. Hapo mizigo hupita kwenye mashine na abiria hushuka kukaguliwa.

Kwa basi. Mabasi ya serikali huondoka kila dakika chache toka stesheni na stendi. Kuna barabara mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka, hivyo gari halikutani na jingine uso kwa uso. Kona ni nyingi. Mwenye kichefuchefu akae mbele na atafune kipande cha tangawizi. Usiku wa manane barabara hufungwa kwa saa chache.

Kwa miguu. Njia ya Alipiri ina ngazi 3,550 hivi, mwendo wa saa tatu hadi tano. Ile fupi ya Srivari Mettu ina ngazi 2,400 hivi, lakini lango lake liko mbali na mji. Sehemu ngumu ya Alipiri ni ya mwanzo, mpaka mnara wa Galigopuram. Ukiufikia, umeshinda zaidi ya nusu ya ngazi. Mzigo wako utapelekwa juu bure ukiukabidhi kule chini na kupewa risiti.

Mimi nilipanda kwa miguu, na nakuomba kama magoti yanaruhusu ufanye hivyo. Mbele yangu alikuwa mwanamke wa makamo na visahani viwili. Kila ngazi aliinama, akapaka manjano kwa vidole vitatu, akaweka nukta nyekundu juu yake, akapanda moja, akainama tena. Ngazi 3,550. Karibu na kileleni kuna kipande wanachokiita mpando wa magoti, na wapo wanaokipanda kwa magoti kweli.

Kuwa na watoto kuna masharti. Agosti 2023 chui alimuua mtoto wa miaka sita kwenye njia hii, na tangu hapo watoto huzuiwa kupanda ikifika mchana. Nenda asubuhi, kaa ndani ya kundi, mshike mwanao mkono.

Wagonjwa. Aliyetoka kwenye upasuaji, mwenye moyo dhaifu au anayesafishwa figo asipande kwa miguu, na foleni ya bure asiiguse. Wazee na walemavu wana utaratibu wao maalumu, uliza kwanza. Na kama daktari amekataa, mwache mgonjwa apumzike.

## Hatua ya 5: Jivue vitu

Ukishuka basi, zipo kaunta za kuweka simu, kamera na mizigo. Simu hairuhusiwi hekaluni, hata ikiwa imezimwa. Iweke, chukua tokeni, kisha iandike namba ya kaunta kwenye karatasi, kwa sababu unatokea upande tofauti na ulioingilia na kaunta zote zinafanana.

Viatu navyo acha mapema. Zile barabara nne zinazozunguka hekalu, Mada, ni sehemu ya ibada; hazikanyagwi kwa viatu. Wanawake waliovaa maua kichwani watawaona wenyeji wakiwatazama: juu ya mlima huu maua yote ni ya mungu, binadamu hajipambi nayo.

Utashangaa vichwa vilivyonyolewa, vya wanaume, wanawake na watoto wachanga, vimepakwa rangi ya manjano. Ile ni liwa, hiihii ya sandali tunayoijua pwani. Watu hutoa nywele kama nadhiri kwenye ukumbi wa Kalyanakatta. Kunyoa ni bure, na nywele baadaye huuzwa kwa mnada. Kama huna nadhiri, usiingie kutazama. Yule mama anayenyolewa yuko katika jambo kati yake na mungu wake.

## Hatua ya 6: Foleni, na zile sekunde chache

Hatua hii ni ya wanaoingia. Fomu ya imani itie sahihi kabla ya kujiunga na foleni, si katikati yake.

Foleni hupitia majengo ya Vaikuntam, yenye vyumba vikubwa vilivyofungwa. Mnaingizwa chumbani, mlango unafungwa, mnakaa, mnangoja zamu ya chumba chenu. Vyoo vipo, maji yapo, maziwa na chakula hugawiwa bure. Mwenye hofu ya mahali palipofungwa alijue hili kabla. Nenda chooni mapema, maana mlango ukifunguka watu hutoka kwa kasi wakiita "Govinda! Govinda!", jina la mungu huyo, na hakuna anayemngoja mwenzake. Wekeaneni miadi ya mahali pa kukutana nje, mbali na lango.

Langoni maji hutiririka sakafuni na kuosha nyayo zako. Utapita mlango wa fedha, kisha wa dhahabu. Sanamu utaiona kwa mbali, katika mwanga wa taa za mafuta, macho yake yamefunikwa na alama kubwa nyeupe. Wahudumu watakuwa wanasema neno moja la Kitelugu bila kupumzika: "Jarugandi, jarugandi." Maana yake sogea. Usijibishane nao na usigande. Watu maelfu wako nyuma yako. Usipoteze muda wako kutazama nguzo na dari, inua macho moja kwa moja mbele. Walioingia huniambia ni sekunde mbili tatu, na waliokuwa tayari zimewatosha.

Ukitoka, tazama juu: paa la dhahabu la Ananda Nilayam liko hapo. Mbele kuna chombo kikubwa kilichofunikwa kitambaa, ndicho hundi, ambamo watu hutia noti, vito, hata cheni walizovua shingoni papo hapo. Hakuna anayekulazimisha kutoa. Anayekudai pesa ndani si wa hekalu.

## Kwa wanaobaki nje

Panga hivi. Asubuhi nenda kwenye tao la mawe la Silathoranam, jiwe la asili lililochongwa na upepo na maji, kisha jumba la makumbusho la Sri Venkateswara. Mchana kula (hatua ya 7). Alasiri kaa kwenye ngazi za bwawa la Pushkarini, ubavuni mwa hekalu.

Karibu na saa kumi na moja unusu jioni, sogea kwenye ukumbi wa wazi nje ya hekalu. Sanamu ndogo za kutembezwa huletwa, zikawekwa kwenye bembea katikati ya taa nyingi za mafuta, na baadaye hubebwa kuzunguka barabara za Mada. Hapo hakuna fomu. Simama kando, usikatize msafara, usipige video kwa karibu. Niliona mzee mmoja ambaye hakupata tokeni siku ile. Sanamu zilipompita alilala kifudifudi juu ya lami, mwili mzima, kisha akainuka akijifuta machozi kwa ncha ya shuka lake.

## Hatua ya 7: Kula

Usinunue chakula kabla ya kupita ukumbi wa Vengamamba. Ni bure kwa kila mtu, hakuna anayekuuliza dini. Mnakaa safu ndefu, mnapewa jani, na wahudumu wanapita mbio na ndoo: wali, mchuzi wa dengu na mboga, rasamu, supu yenye ukwaju na pilipili manga, maziwa ya mtindi. Kula kwa mkono wa kulia, kama nyumbani. Sema inatosha kabla hawajamimina, kwa kufunika jani kwa kiganja. Kubakiza ni aibu. Ukimaliza inuka, safu inayofuata inangoja.

## Hatua ya 8: Ladu na kushuka

Kila aliyeingia hupewa ladu moja bure. Za ziada huuzwa rupia 50 kila moja. Ladu hii ni ya unga wa dengu, samli, sukari, korosho, zabibu kavu, iliki na chembe ya kafuri ya kuliwa. Tangu 2009 jina lake linalindwa kisheria, hivyo zinazouzwa kando ya barabara si zenyewe. Iweke kwenye mfuko wa kitambaa, isifungwe kwenye plastiki, maana joto likibanwa samli huchacha. Mwenye kisukari umpe kipande cha kuonja tu.

Shuka kabla giza halijaingia kama unarudi usiku huohuo, na hesabu tokeni zako: simu, mizigo, viatu. Waliosahau simu juu hulazimika kupanda tena kesho yake.

Na ukifika wodini na ladu, usiigawe kama peremende. Kwa wenyeji ni chakula kilichobarikiwa. Wape kwa mkono wa kulia, na uwaambie imetoka Tirumala. Muuguzi niliyempa aliacha kalamu, akapokea kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye macho yake, la kulia na la kushoto, ndipo akamega kipande akamwekea na mwenzake wa zamu ya usiku.